Mababu wa Mayflower na watu walioachwa nje ya daftari

Tarehe 22 Mei 1627 wakazi wa koloni la Plymouth, kwenye pwani ya jimbo la leo la Massachusetts, waligawana ng'ombe. Mpaka siku hiyo mifugo ilikuwa mali ya wote. Watu walipangwa katika makundi 12, kila kundi watu 13, watoto wachanga wakihesabiwa sawa na baba zao, kisha kura ikapigwa. Kundi la nne lilikuwa la John Howland. Liliangukiwa na mtamba mweusi aliyeletwa na meli ya Jacob, jina lake Raghorn. Baada ya jina la Howland, karani aliandika la mkewe Elizabeth, la mwanawe John na la binti yake Desire.

Kwa mtafiti wa nasaba za Marekani ukurasa huo hauna bei. Unamwambia nani alikuwa hai siku ile, nani ameshaoa, mtoto gani amekwisha kuzaliwa na yupi bado. Walioandika hawakuwa na haja ya kuwaachia vitukuu kumbukumbu. Walitaka kila kaya ijue ng'ombe wake ni yupi. Na hivyo ndivyo zilivyo karibu nyaraka zote ambazo kwazo familia ya walowezi wa enzi ya ukoloni hufuatiliwa: mgao wa mifugo, hati ya shamba, wosia, orodha ya vyombo vya marehemu, kesi ya deni. Hoja yangu ni kwamba nasaba ya mlowezi imejengwa kwa karatasi za mali. Ndiyo maana inaweza kufuatwa miaka 400 nyuma, na ndiyo maana hiyo hiyo inawaacha nje watu walioishi jirani na mlowezi, au ndani ya nyumba yake, bila mali yoyote, au wakiwa wao wenyewe ndio mali.

Tuanze na Howland, kwa kuwa ukoo wake umechunguzwa kuliko nyingi. Alitoka Fenstanton, mashariki mwa Uingereza, akapanda Mayflower mwaka 1620 akiwa mtumishi wa John Carver, aliyekuwa gavana wa kwanza wa koloni. Katikati ya bahari dhoruba ilimtupa majini, akadaka kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuta nje ya meli, akavutwa na kuokolewa. Kati ya abiria 102 waliofika, karibu nusu walikufa kabla ya majira ya baridi kuisha. Carver naye alifariki Aprili 1621, na mkewe akamfuata baada ya wiki chache. Howland akabaki, akaoa, akapata watoto kumi, na wote kumi walikua wakawa watu wazima. Katika koloni ambako nyumba nzima nzima zilifutika, hilo lilikuwa jambo kubwa. Miongoni mwa wazao wake wametoka marais watatu wa Marekani: Franklin Roosevelt na akina Bush wawili, baba na mwana.

Kabla hatujastaajabu, tupige hesabu. Tukichukua kizazi kuwa miaka 30, kutoka mtoto wa leo hadi mtu wa Mayflower ni vizazi 13 hivi. Idadi ya mababu huongezeka maradufu kila kizazi: wazazi wawili, babu na bibi wanne, halafu wanane. Ukifika kizazi cha 13 unakuta nafasi 8,192. Kwa hiyo anayejivunia kuwa mzao wa Howland amechagua nafasi moja kati ya elfu nane na ushee. Zilizobaki zilijazwa na wakulima, mafundi, watumishi na maskini ambao hakuna aliyewachongea sanamu. Silisemi hili kumvunja moyo mtu. Nalisema kwa sababu bila hesabu hiyo nasaba hugeuka kuwa hadithi ya mtu mmoja mashuhuri, na wengine wote wakawa ngazi za kumfikia yeye.

Ukoo wa Howland unafuatika kwa sababu ya wosia. Tarehe 29 Mei 1672, akiwa mzee, aliusia mali yake. Aliwataja wanawe wanne, John, Joseph, Jabez na Isaac, kisha mabinti sita kwa majina ya waume zao: Desire Gorham, Hope Chipman, Elizabeth Dickenson, Lydia Browne, Hannah Bosworth na Ruth Cushman. Kila binti aliachiwa shilingi 20. Fedha hiyo haikuwa kitu kikubwa mbele ya ardhi walizopata watoto wa kiume, lakini kwa mtafiti shilingi hizo ndizo zinazoufunga ukoo. Mwanamke wa enzi ile akishaolewa hupotea: jina la baba yake hukatika, mali yake huingia kwa mumewe, na kwenye hati hutajwa tu kama mke wa fulani. Baba anapomtaja kwa jina la mumewe ndani ya wosia, koo mbili zinaunganika mbele ya mashahidi. Pasipo mstari huo mmoja, akina Gorham wa leo wangebaki wakidai undugu na Howland bila chochote cha kuonyesha.

Mkewe Elizabeth ndiye aliyeleta utata mkubwa. Kwa muda mrefu familia iliamini kwamba alikuwa binti wa Gavana Carver. Jiwe lililowekwa na wazao kwenye makaburi ya Burial Hill, Plymouth, katika karne ya 19 lilichongwa hivyo. Na hadithi ilikuwa tamu: mtumishi anayepona dhoruba, kisha anamwoa binti wa bwana wake. Ila Carver hajulikani kuacha mtoto hata mmoja aliye hai. Jibu lilikuwamo katika hati ya mkono ya William Bradford, gavana aliyemfuata Carver, aliyeandika historia ya koloni lao. Hati hiyo ilitoweka Boston, pengine wakati wa vita vya uhuru, ikaja kutambuliwa mwaka 1855 katika maktaba ya askofu wa London, kwenye jumba la Fulham. Ilichapishwa mwaka 1856, na mwaka 1897 ikarudishwa Massachusetts, ambako ipo hadi leo. Mwishoni mwake Bradford aliorodhesha abiria wote wa Mayflower na uzao wao baada ya miaka 30. Kwa Howland alisema wazi: alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley. Tilley na mkewe walikufa majira yale ya baridi ya kwanza, wakamwacha binti wa miaka 13 hivi. Katika karne ya 20 ikapatikana hata rejista ya ubatizo wake katika kijiji cha Henlow, Uingereza, Agosti 1607.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jinsi nasaba inavyoharibika. Watu waaminifu walichonga jiwe kwa mapenzi, na jiwe likadumisha kosa. Kilichowaponza ni hamu ya heshima: kati ya yatima na binti wa gavana, kumbukumbu ya familia ilimchagua binti wa gavana. Kwangu mimi yatima aliyezika wazazi wake wote wawili ugenini, kisha akalea watoto kumi, ni bibi wa kujivunia kuliko binti yeyote wa gavana. Lakini hilo ni pendeleo langu tu. Kinachohesabika ni maandishi ya Bradford, aliyeishi nao na kuwajua.

Tarehe nazo zina mitego yake. Howland alifariki tarehe 23 Februari, lakini mwaka gani? Uingereza na makoloni yake walitumia kalenda ya zamani mpaka 1752, na mwaka wao ulianza Machi 25. Kwa hiyo Februari hiyo kwao ilikuwa bado ya 1672, kwetu ni ya 1673. Watafiti makini huandika 1672/3. George Washington mwenyewe alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa kalenda ile. Leo siku yake ya kuzaliwa hutajwa kuwa Februari 22, na mwaka unaotajwa ni 1732. Asiyelijua hili huweza kumkuta mtoto amezaliwa kabla ya harusi ya wazazi wake na kuzua kashfa isiyokuwapo, au kumgawa mtu mmoja akawa wawili.

Hamu ya heshima ilipanda sana mwishoni mwa karne ya 19. Jumuiya ya kihistoria ya nasaba ya New England ilikuwapo Boston tangu 1845, ikifanya kazi ya kisomi. Mwaka 1890 kikaundwa chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, na mwaka 1897 chama cha wazao wa Mayflower. Nyakati hizo ndizo meli zilipokuwa zikishusha New York mamia ya maelfu ya Waitaliano, Wayahudi na Wapolandi. Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa 1892. Familia za zamani zilitaka ukuta kati yao na wageni, na nasaba ikawa ukuta huo. Palipo na wanunuzi wauzaji hawakosi. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani, aliwauzia matajiri nasaba alizozitunga, akichanganya hati za kweli na wosia wa kubuni, na uongo wake ulinakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Walioirudisha fani kwenye njia ni watu kama Donald Lines Jacobus, aliyeanzisha jarida lake mwaka 1922 na kushikilia kanuni ngumu: kila kiungo kati ya mtoto na mzazi kithibitishwe peke yake, kwa hati ya wakati ule, na kiungo kisichothibitika kikatwe hata kama mwenye ukoo atalia. Kanuni hiyo ndiyo pekee inayofaa. Leo, ambapo mti wa ukoo hunakiliwa mtandaoni kwa kubonyeza mara moja, kosa la mtu mmoja huwa la maelfu kabla ya jua kuzama.

Karatasi hizo lakini zilihusu ardhi, na ardhi ilikuwa na wenyewe. Kabla ya Mayflower pwani ile ilikuwa ya Wawampanoag. Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya walowezi na Metacom, kiongozi wa Wawampanoag ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, na mji wa Swansea ulikuwa wa kwanza kushambuliwa. Ni mji huo huo ambako Elizabeth Tilley, akiwa mjane, alifariki mwaka 1687 nyumbani kwa binti yake Lydia. John Gorham, mume wa Desire, alikuwa kapteni katika vita hivyo na alifia Swansea mwanzoni mwa 1676. Miaka zaidi ya hamsini baadaye serikali ya Massachusetts iliwagawia askari wale na warithi wao maeneo ya ardhi, na eneo moja, ambalo sasa liko katika jimbo la Maine, likaitwa Gorham kwa jina lake. Ili upate fungu ulipaswa kuonyesha kwamba wewe ni askari wa vita vile au mrithi wake. Nasaba hapo haikuwa pambo la sebuleni. Ilikuwa ufunguo wa shamba. Upande wa pili wa vita hivyo, wafungwa wengi wa Wawampanoag waliuzwa utumwani visiwa vya Karibea. Watoto wao hawakuandikiwa wosia wowote. Anayeandika historia ya akina Gorham na kuishia kwenye ushujaa wa kapteni amesoma nusu ya hati.

Ukishuka kusini, Virginia, kazi inakuwa ngumu zaidi. New England iliishi kwa miji midogo iliyoandika kuzaliwa, ndoa na vifo. Virginia iliishi kwa mashamba makubwa yaliyotawanyika, na kumbukumbu zake ziliwekwa kwenye mahakama za kaunti, ambazo nyingi zimeungua. Mahakama ya New Kent ilichomwa moto mwaka 1787. Kaunti nyingine zilipeleka vitabu vyao Richmond vipate usalama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Aprili 1865 moto wa Richmond ukaviteketeza. Hapo mtafiti hutegemea kodi, majirani, majina yanayorudiwa katika familia, na siku hizi vinasaba.

Kisa kimoja cha Virginia kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1640 watumishi watatu wa Hugh Gwyn walikamatwa Maryland walikokimbilia. Mmoja, Victor, alikuwa Mholanzi. Wa pili, James Gregory, Mskoti. Wa tatu alikuwa Mwafrika, John Punch. Mahakama iliamuru wote wachapwe viboko 30 kila mmoja. Wazungu wawili wakaongezewa miaka minne: mmoja kwa bwana wao na mitatu kwa koloni. John Punch akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Wanahistoria wengi humtaja kuwa Mwafrika wa kwanza katika makoloni ya Kiingereza aliyeandikwa mahakamani kuwa mtumwa wa maisha.

Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya Ancestry walitangaza kwamba kuna uwezekano mkubwa John Punch ni babu wa Barack Obama, na si kwa upande wa baba. Baba yake ni Mjaluo wa Kogelo, Siaya, na ukoo huo haukupitia utumwa wa Marekani. Kiungo kinapita kwa mama, Stanley Ann Dunham, mzungu aliyezaliwa Kansas mwaka 1942. Walianza na ukoo wa Bunch wa Virginia, waliokuwa watu huru wenye ardhi tangu karne ya 17. Vipimo vya wanaume wa ukoo huo vilionyesha kwamba kromosomu Y yao, inayopita kutoka baba kwenda kwa mwana, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Tawi moja lilioana na wazungu kizazi baada ya kizazi mpaka likahesabiwa kuwa la wazungu, na humo ndimo alimotoka mama wa Obama. Kiungo cha mwisho, kati ya Punch na Bunch wa kwanza, hakina hati, kwa kuwa hati ziliungua. Watafiti walikisia kwa kuangalia jina, mahali, wakati na uchache wa wanaume Waafrika Virginia miaka ile. Walisema ni uwezekano mkubwa, na kusema hivyo ndiyo kazi safi. Waliolitangaza kuwa ni jambo la hakika ni waandishi wa magazeti waliokuja baada yao.

Hata jina Dunham lina kitendawili chake. Babu wa ukoo huo, Jonathan Singletary, alizaliwa Massachusetts, akahamia Woodbridge, New Jersey, na huko akajiita Dunham. Anayemtafuta kwa jina moja tu hampati. Upande wa Kogelo hapakuhitajika karani: Mama Sarah, mke wa babu yake, alimsimulia Obama orodha ya mababu wa Kijaluo kwa mdomo, naye akaiandika katika kitabu chake cha 1995. Wapo wanaodharau nasaba ya kusimuliwa mbele ya ile ya karatasi. Wenye dharau hiyo wamsome Madison Hemings.

Mwaka 1873 Madison, mzee aliyekuwa akiishi Ohio, alilieleza gazeti moja la huko kwamba yeye ni mwana wa Rais Thomas Jefferson na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa Jefferson. Sally mwenyewe, kwa maelezo ya Madison, alikuwa binti wa John Wayles, baba mzazi wa mke wa Jefferson, hivyo mtumwa na bibi wa nyumba walikuwa ndugu wa baba mmoja. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanahistoria wengi walimwona kuwa mzushi, wakisikiliza wajukuu weupe wa Jefferson waliokana. Mwaka 1997 Annette Gordon-Reed aliupanga ushahidi wote upya kama mwanasheria na kuonyesha jinsi ulivyopimwa kwa upendeleo. Mwaka 1998 vipimo vilionyesha kuwa mzao wa Eston, mdogo wake Madison, ana kromosomu Y ya akina Jefferson. Ilibidi sampuli ya kulinganisha itoke kwa wazao wa ami yake Jefferson, kwa kuwa yeye hakuacha mwana wa ndoa aliyeishi. Kipimo peke yake hakimtaji Thomas, kinataja ukoo. Kikiwekwa pamoja na tarehe alizokuwapo nyumbani na maneno ya Madison, taasisi inayomiliki Monticello, iliyokuwa nyumba ya Jefferson, iliamua mwaka 2000 kwamba inaelekea sana Jefferson ndiye baba wa watoto wote sita wa Sally wanaojulikana. Mwaka 2002 chama cha wazao wanaotambuliwa kuwa na haki ya kuzikwa Monticello kilipiga kura kuwakataa akina Hemings.

Vinasaba navyo vina mipaka. Kipimo cha mate kinachouzwa madukani hakiwezi kukuunganisha na mtu wa 1620, kwa sababu kwa vizazi 13 wengi wa mababu hao 8,192 hawajakuachia hata kipande kimoja cha kurithi. Kromosomu Y hufuata mstari mmoja wa wanaume, na vinasaba vya upande wa mama hufuata mstari mmoja wa wanawake. Katikati ni karatasi tu.

Na hapo ndipo wazao wa watumwa wanapokwama. Sensa ya Marekani ilianza 1790, ikawa inataja mkuu wa kaya peke yake. Ya 1850 ikaandika kila mtu huru kwa jina. Watumwa wa 1850 na 1860 waliandikwa kwenye orodha ya pembeni: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi, bila majina yao isipokuwa mara chache sana. Ni sensa ya 1870 iliyowataja kwa mara ya kwanza wote pamoja kama watu. Anayetaka kuvuka nyuma ya mwaka huo analazimika kumtafuta kwanza mmiliki, yaani kufuatilia nasaba ya mlowezi: wosia wake uliogawa watu kwa watoto wake, mahari aliyompa binti, daftari la shamba lililoandika nani alipewa kitambaa na nani amejifungua. Jefferson alikuwa na daftari la namna hiyo, na majina ya akina Hemings yamo. Madaftari mengine mengi ya mashamba ya kusini yako maktaba na vyuo vikuu. Mengine yangali kwenye makabati na masanduku ya familia zilizoyarithi, baadhi zikiona aibu kuyaonyesha, baadhi hazijui zina nini.

Wenye karatasi hizo wazitoe, wazikabidhi kwa hifadhi za nyaraka zipigwe picha na kusomwa na yeyote. Mzao wa Howland anaweza leo kumtaja bibi yake wa 1607 na kijiji alichobatizwa. Mjukuu wa mtu aliyeandikwa tu kama mwanamke mweusi, umri miaka 24, hana mahali pengine pa kulitafuta jina la bibi yake ila katika daftari la yule aliyemmiliki.